Mtihani wa Yai

Jumamosi ya mwisho wa kipande, soko la Kilosa halikuwa na pa kuweka mguu. Wakata mkonge walikuwa wamemaliza siku zao thelathini za kadi ya kazi, na mtu aliyemaliza kipande haambiliki: anataka nyama, anataka kanga ya mkewe, anataka mji mzima ujue kwamba ameshuka kutoka shambani. Katikati ya vurugu hiyo, mbele ya tenga la Mama Generoza muuza mayai, alisimama kijana mrefu mwenye buti za ngozi zilizokaribia magoti, akilitikisa yai karibu na sikio. Alisikiliza, akaliweka kando, akachukua jingine.

"Kaka," sauti ikasema nyuma yake, "unayanunua au unayajulia hali?"

Akageuka. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni jeupe la wakunga, mkanda wa buluu ukimbana kiuno, viatu vya turubai vimepakwa chaki hadi vinang'aa. Hakuwa mzuri wa kupigiwa ngoma, na nasema hivyo mapema kwa sababu sisi wasimulizi wa mapenzi tuna tabia ya kudanganya. Lakini alikuwa na macho yanayomtazama mtu mzima mzima, macho ya mtu aliyekwisha kupokea watoto wanaotanguliza miguu. Kijana alisahau yai mkononi.

"Nayachagua," akasema. "Ni mayai ya shule."

"Ehe! Kuku wa Kilosa nao wameanza kusoma?"

Mama Generoza alicheka hadi kanga ikamdondoka begani.

"Ni shule ya pikipiki, dada. Jumatatu naanza kufundisha pale uwanja wa mpira wa reli. Siku ya mtihani mwanafunzi anafungiwa yai nyuma, anazunguka mashimo yote. Likifika zima, amefaulu. Likivunjika, arudi kwenye baisikeli yake. Sasa nataka waanze kuyazoea mapema."

"Kumbe wewe ndiye Mwalimu Lupakisyo."

"Umenijuaje?"

"Mimi ndiye mwanafunzi wako wa saba. Hildegarda, mkunga wa shamba la Kwambe, kule Ulaya."

"Ulaya?"

"Ulaya yetu, siyo ya Malkia. Yetu ina matope."

Akalichukua yai mkononi mwa kijana, akalitikisa sikioni kwake, akamrudishia. "Hili ni zima," akasema, kisha akapotelea kwenye umati. Lupakisyo akabaki anautazama ule mkanda wa buluu hadi Mama Generoza alipomuuliza kama anataka na kuku wenyewe.

Shamba la Kwambe lilikuwa na korona moja ya kusaga mkonge, zahanati moja na simu moja iliyokaa ofisini kwa karani. Mwaka huo wa 1954 lilipata pikipiki moja, na watu wawili wakaitaka. Meneja aliitaka kwa ajili ya karani wake, Cornel, apelekee barua. Daktari wa Kizungu aliyesimamia zahanati aliitaka kwa ajili ya mkunga. Walibishana wiki nzima, wakapatana hivi: wote wawili wapelekwe mafunzoni, Hildegarda akifaulu, pikipiki ni yake, akishindwa, ni ya Cornel. Mtihani mmoja, hakuna kurudia. Hildegarda hakubisha. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amechelewa kufika kwa wazazi wanne, mara zote kwa baisikeli, na wawili kati yao aliwakuta wamekwisha kufunikwa shuka.

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Wanafunzi saba, wakiwamo matarishi na wanyapara wenye vitambi, walianguka kwenye nyasi za uwanja asubuhi nzima.

"Ukiona inakushinda, iachie!" Lupakisyo alipaza sauti. "Chuma kinanunuliwa, mguu haununuliwi!"

Hildegarda alikuwa amevaa suruali ya kaki chini ya gauni, kazi ya fundi wa barazani, na habari hiyo ilijaza watu kandokando ya uwanja.

"Mkunga kavaa suruali! Dunia imekwisha!" mmoja akapiga kelele.

"Mkeo akishikwa uchungu, uje uniambie nivae nini!" Hildegarda akamjibu akiwa bado chini, majani yamemjaa kichwani. Watu walimzomea yule bwana mpaka akaondoka.

Kwa wiki sita, kila Jumatatu na Alhamisi, Hildegarda alipanda lori la mkonge alfajiri akaja Kilosa. Alijifunza kupiga kiki bila kuumia kifundo. Alijifunza kwamba kwenye changarawe unatanguliza breki ya nyuma, na ya mbele unaigusa kwa adabu; kwamba gia inapunguzwa kabla ya kona, si ukiwa ndani ya kona. Na alijifunza lile somo ambalo Lupakisyo alilirudia hadi wanafunzi wakaligeuza wimbo.

"Jicho linakokwenda, ndiko pikipiki inakokwenda. Ukiliangalia shimo, utaingia shimoni. Angalia unakotaka kufika!"

"Na nikikuangalia wewe, mwalimu?" Hildegarda aliuliza siku moja wenzake walipokwenda kunywa maji.

"Utanigonga."

"Basi siku hiyo uvae kitu kigumu."

Lupakisyo, mwanaume wa Rungwe aliyeendesha pikipiki za jeshi huko Burma huku mabomu yakilia, aliinama akakaza nati iliyokuwa imekaza tayari. Siku ambazo hakumwona alikwenda posta kumpigia simu, na hapo ndipo Melkizedek, mfanyakazi wa mitambo ya simu, alipopata burudani yake ya mwaka.

"Kwambe, hapa Kilosa. Kuna simu ya mwalimu wa pikipiki. Ni ya dharura, kama kawaida yake."

"Hilda?"

"Nipo, mwalimu."

"Nimepiga kukuuliza... plagi ikiingia maji, unafanyaje?"

"Naitoa, naikausha, nairudisha. Hata juzi uliniuliza."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Mwambie umemkumbuka," Melkizedek akadakia. "Watu wanaingoja laini."

"Melkizedek, toka kwenye waya!"

"Nimetoka." Hakuwa ametoka.

"Haya, nimekukumbuka," Lupakisyo akasema, jasho likimtoka.

"Hata mimi, mpenzi," Hildegarda akajibu polepole. "Mimi na plagi yangu, sote tunakukumbuka."

Wiki ya tano, baada ya somo, walikwenda kukaa ukingoni mwa mto Mkondoa. Hildegarda alikuwa amebadili nguo, kavaa gauni la maua ya njano lililonukia sabuni. Lupakisyo alitoa mfukoni miwani ya vumbi, ile ya vioo vya mviringo na mkanda wa ngozi, aliyorudi nayo kutoka vitani.

"Hii ilinirudisha nyumbani," akasema. "Sasa ni yako. Na nataka kutuma wazee kwa baba yako."

Hildegarda aliivaa, akamtazama. "Naonekanaje?"

"Kama bundi. Nijibu basi, Hilda!"

"Nakubali, mpenzi wangu. Moyo wangu ulikubali tangu siku ya mayai. Lakini wazee waje baada ya mtihani. Sitaki Cornel aseme nimepewa pikipiki na mchumba. Na wewe usinipendelee hata chembe."

"Sitakupendelea."

"Niahidi. Perpetua wangu anajifungua mwezi wa nne, masika kamili. Wa kwanza alimpoteza."

Perpetua alikuwa shoga yake tangu wakiwa wadogo kambini, wakichezea nyuzi za mkonge. Sasa alikuwa ameolewa na Anselmi, mfanyakazi wa kambi ya barabara huko Mikumi. "Nimemwambia atanisikia kabla hajaniona," Hildegarda akaendelea. "Akisikia mlio wa pikipiki, ajue mimi nimefika."

Aliposikia neno Mikumi, Lupakisyo aligeuka akautazama mto. Hakuna mtu Kilosa aliyejua kwamba alikuwa na mdogo wake, Ambakisye, aliyemfundisha yeye mwenyewe na kumwandikia cheti kwa mkono wake. Wiki ya pili ya cheti hicho, nyati alitoka vichakani kwenye barabara ya Mikumi. Ambakisye alirudishwa ndani ya turubai. Hayo ndiyo aliyotakiwa kumwambia Hildegarda jioni ile, pale mtoni, na kama angesema, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi ningeisimulia nikicheka. Alisema tu kwamba jua linazama, waondoke.

Siku moja kabla ya mtihani, dereva wa lori alileta habari: tarishi mmoja ameangushwa na nyati kule kule Mikumi, amevunjika nyonga. Watu waliitikia pole, wakaendelea na shughuli zao. Lupakisyo alikwenda sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mangapi?"

"Sita mazima." Akashusha sauti. "Na moja lenye ufa."

"Lenye ufa? La nini?"

"Nipe tu, mama."

Ilikuwa kanuni yake kwamba mwalimu ndiye hulifunga yai, kwa leso moja ndani ya kopo, asije mwanafunzi akalizungushia pamba kama mgonjwa. Basi asubuhi ile alifunga mayai saba kwa mkono wake, na la saba alijua analifunga vipi.

Sitaficha: Hildegarda aliendesha kuliko wote. Watu waliokuja kumzomea walinyamaza. Alipita mashimo kumi na mawili kama mtu anayepita uani kwake, akapunguza gia kabla ya kila kona, akasimama kwenye mstari bila kuteleza. Alishuka akicheka, miwani ikiwa usoni, vumbi limemjaa mashavuni. Lupakisyo alifungua kopo. Leso ilikuwa imelowa.

Kicheko kilimkauka. "Nimepiga shimo gani?"

"Lile la karibu na goli."

"Sikulisikia."

"Mara nyingi halisikiki," mwalimu akasema, bila kumtazama.

Cornel alifaulu, tena kwa aibu, kwa sababu hata yeye alikuwa ameona jinsi Hildegarda alivyoendesha. Akaondoka na pikipiki. Hildegarda alirudi Ulaya juu ya magunia matupu, akiitazama mikono yake.

"Usilie, laazizi," Lupakisyo alimwambia kwa simu jioni ile, na kwa mara ya kwanza Melkizedek hakudakia neno. "Maisha si pikipiki tu. Mimi nipo."

"Mikono yangu imenidanganya, Lupa. Mikono ninayopokelea watoto. Sasa nikimshika mtoto naiogopa."

Hapo alikuwa na nafasi ya pili ya kusema. Alimwambia atatuma wazee mwezi huohuo, na wazee wakaenda, wakapokewa vizuri.

Mwezi wa nne mvua ilishuka bila huruma. Siku moja saa sita mchana Anselmi aliingia zahanati, matope hadi kiunoni. Alikuwa ameondoka Mikumi kabla ya jua kuchomoza.

"Dada Hilda, Perpetua. Chupa ya uzazi imepasuka tangu jana jioni na mtoto haji."

"Cornel yuko wapi?"

"Amekwenda Kimamba na barua za meneja," mpishi wa zahanati akajibu.

Hildegarda hakungoja. Alifunga mkoba wake kwenye baisikeli, akatoka na Anselmi nyuma yake. Barabara ilikuwa uji. Sehemu nyingine alikuwa yeye anayeibeba baisikeli badala ya yenyewe kumbeba, na kila alipoanguka aliinuka kwa namna ile aliyofundishwa uwanjani. Hakuna nyati aliyetoka. Nasema hili kwa sababu mtu mmoja alipaswa kulijua: safari nzima, hawakuona hata digidigi.

Walifika jua likikaribia kuzama. Wanawake walikuwa wamekaa nje, kimya, na mmoja wao alikuwa amepakata kitu kidogo ndani ya kitenge.

"Mtoto amepona," akasema. "Ni wa kike. Mama yake ametuacha saa tisa. Damu ilikataa kukatika."

Hildegarda alikaa chini kwenye matope na gauni lake jeupe.

"Alikuwa anatuambia tunyamaze," yule mama akaendelea, maana watu wengine hawajui pa kuishia. "Anasema, nyamazeni, nisikilize pikipiki."

Mtoto aliitwa Lea. Alipatiwa mama wa kumnyonyesha pale Ulaya, na kwa sababu mnyonyeshaji lazima ale, wiki tatu baadaye Hildegarda alikwenda Kilosa kumtafutia mayai. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo, Mama Generoza."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba. Mungu hana mshauri." Mama Generoza alianza kumchagulia. "Na mchumba wako hajambo? Wewe umepata mwanaume wa ajabu. Anayatikisa mayai yangu kila akija, halafu siku moja kabla ya mtihani wenu ananiomba lenye ufa!"

Hildegarda aliacha mkono ndani ya tenga. "Ngapi?"

"Moja tu. Nikadhani la kuwaonyesha nyie wanafunzi."

Muuza mayai akajua amesema jambo. Hildegarda alichagua yai moja, akalitikisa sikioni, akaondoka nalo bila kikapu.

Uwanjani kulikuwa na wanafunzi wapya watano wameketi kwenye nyasi. Lupakisyo alimwona kutoka mbali, akatabasamu. Kisha akaona yai, na tabasamu likamtoka.

"Hilda..."

"Lilikuwa na ufa?"

Angeweza kukana. Namhesabia hilo: hakukana. "Lilikuwa na ufa," akasema, na hapo mbele ya watu akamwaga yote, Ambakisye, nyati, turubai. "Nilimzika mdogo wangu kwa cheti nilichoandika mimi. Nikaona nikuzike na wewe? Nilikupenda, Hilda. Nilikupenda kuliko akili yangu."

"Kwa hiyo ukachagua nani azikwe."

"Sikumchagua Perpetua!"

"Hukumchagua. Hukumfikiria kabisa." Sauti yake ilikuwa ya chini, na wanafunzi walilazimika kuinama mbele. "Ungeniambia kuhusu ndugu yako, ningelia na wewe. Ningeendesha polepole Mikumi, ningepiga honi kila kichaka. Lakini uliniacha miezi miwili naichukia mikono yangu, ukanibembeleza kwenye simu, na wewe ndiye mwizi. Na bado nakupenda, Lupakisyo. Hilo ndilo linalonichoma zaidi."

"Nisamehe, mpenzi. Nifanye nini?"

"Nipe mtihani wangu."

Alilifunga yai mwenyewe, leso moja, kopo moja. Akavua kitambaa cheusi, akatoa mfukoni miwani ya vumbi, akaivaa, akapanda pikipiki ya shule. Mvua ilikuwa imeyazidisha mashimo, na baadhi yalikuwa na maji. Alizunguka uwanja ule mara mbili badala ya moja. Aliposimama kwenye mstari, alifungua kopo mwenyewe, akalitoa yai, akalishika juu wote walione. Mwanafunzi mmoja alianza kupiga makofi, akaacha.

"Sasa andika cheti."

Lupakisyo alitoa kalamu, akaandika juu ya tandiko la pikipiki. Jina. Shamba. Alipofika kwenye tarehe, Hildegarda akaweka kidole kwenye karatasi.

"Siyo ya leo. Andika ya siku ile. Ya mwezi wa pili."

"Nikiandika hiyo, daktari atauliza kwa nini ulinyimwa. Kazi yangu itakuwa imekwisha."

"Najua."

"Na harusi yetu?"

Kidole hakikuondoka kwenye karatasi. Lupakisyo alimtazama, kisha akainama akaandika tarehe ya mwezi wa pili, siku ambayo Perpetua alikuwa hai na anashona nepi. Machozi yalidondokea wino, akayafuta kwa kiganja. Hildegarda alikunja cheti, akakitia ndani ya gauni. Yai akaliweka mkononi mwa Lupakisyo, akamkunja vidole kimoja kimoja juu yake, kama anayemfundisha mtoto kushika.

"Hili ni zima," akasema, na akaenda zake.

Daktari aliuliza, kama ilivyotarajiwa. Cornel aliikabidhi pikipiki bila kinyongo, akarudi kwenye baisikeli yake. Lupakisyo aliachishwa kazi mwezi huo. Wazee wake walikwenda kwa baba yake Hildegarda kwa mara ya pili, safari hii kuomba radhi. Alijaribu simu mara moja.

"Yupo, kaka," Melkizedek alimwambia kwa upole ambao haukuwa tabia yake. "Lakini ameniomba nisiunganishe."

Hakurudi Rungwe. Alifungua kibanda cha kutengeneza baisikeli kando ya barabara ya Ulaya, ukitoka Kilosa, na yupo hapo hadi leo ninapoandika. Kila Alhamisi mkunga wa Kwambe huja mjini kuchukua dawa. Lupakisyo huusikia mlio kutoka mbali, husikia gia ikipungua kabla ya kona, si ndani ya kona, na huacha spana, husimama mlangoni na kujifuta mikono. Hildegarda hupita na miwani yake ya vumbi, mgongo umenyooka, mkoba wa dawa umefungwa nyuma. Hajawahi kugeuza kichwa. Anaangalia mbele, anakotaka kufika, kama alivyofundishwa.